Mtumwa wa Jumba la Maruhubi

Mwezi uliopita, nikinyoosha shuka huku nikizungumza na simu, niliisahau pasi juu ya kitambaa. Sikuisahau sana, labda kwa muda wa kuagana mara mbili, kama tufanyavyo sisi tusiojua kukata simu. Lakini pamba huungua upesi. Ile harufu, kavu na tamu kidogo, ilinipanda puani kabla sijauona moshi. Mimi ni mwanamke mzima, nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, sina wa kumwogopa, na bado viganja vilinitoka jasho. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuwa naogopa kwa ajili ya shuka. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka tisa, asubuhi ya Ijumaa, Bibi ameunguza upindo wa kanga yake, na baada ya saa moja tunakwenda skuli pamoja, naye hajui kwamba mimi ninakwenda kusema uongo.

Tulikuwa tukikaa Uingereza, mtaa wa Thamesmead, ghorofa ya tatu, katika yale majengo ya saruji yaliyounganishwa kwa njia za juu, ambako upepo wa mtoni hupita kama una ufunguo wa kila mlango. Tulikuwa watatu: mama yangu, Bibi yangu mzaa mama, na mimi. Baba alikuwa na nyumba nyingine, mji mwingine. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, akitoka na giza na kurudi na miguu imemvimba. Bibi alikuwa amekuja kutoka Unguja mwaka mmoja na nusu nyuma, akapewa nusu ya chumba changu. Yeye akinisemesha Kiswahili, mimi nikimjibu Kiingereza. Kiswahili changu kilikuwa cha masikio tu. Nikikifungua mdomoni kilitoka kimevunjikavunjika, nami nikiona haya. Yale ambayo hatukuelewana tuliyamaliza kwa chakula, kwa mikono, na kwa televisheni, ambayo Bibi aliitazama kutwa na kuwatukana waovu wake kwa majina.

Muhula ule mwalimu wetu, Bi Harding, alikuwa akitufundisha habari za jumba la kifalme lililopotea. Lilisimama zamani Greenwich, kando ya mto, safari fupi ya basi kutoka kwetu. Wafalme walizaliwa humo, alisema, na karamu zao zilidumu siku kadhaa. Alitupeleka kuliona. Tulishuka na makoti yetu ya mvua, tukapanga mstari, tukavuka barabara tumeshikana mikono, na Bi Harding akasimama mbele ya majengo makubwa meupe akasema, "Hapa."

Tukatazama. Kulikuwa na nyasi, njia ya mawe, na njiwa.

"Wapi, Miss?" akauliza Kelly, mmoja wa wenzangu.

"Chini yetu. Hayo mnayoyaona yalijengwa baadaye."

Akatueleza kwamba palipotokea vita baina ya mfalme na watu wake, jumba lilitekwa, likafanywa kiwanda cha biskuti, likawekwa mateka wa vita, likachakaa mpaka likabomolewa. Wenzangu walicheka habari ya biskuti. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kuhangaika, na jambo la nyumba ya mfalme kuweza kutoweka kabisa, pakabaki njiwa, lilinitia baridi. Ikiwa ya mfalme inaweza, yetu ya kukodi itashindwaje?

Nilipofika nyumbani nilimweleza Bibi. Alikuwa ukumbini akichambua mchele kwenye sinia, miwani imemshuka puani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma sinia pembeni.

"Ah, hata sisi tulikuwa na letu," alisema. "Maruhubi. Sultani alilijenga kwa ajili ya wake zake na masuria wake. Lina hamamu, bafu la marumaru, lina vidimbwi vya maua ya maji. Likaungua moto. Sasa zimebaki nguzo tu, nene hivi, zimesimama hazina cha kubeba."

"Umeliona?" nilimuuliza kwa Kiingereza.

"Nguzo nimeziona. Jumba lenyewe aliliona bibi yangu. Yeye alikuwa mtumwa wa jumba lile. Ndiye aliyenihadithia, mimi mdogo kuliko wewe."

Neno lile la mtumwa sikulijua. Lakini nilijua kutuma, maana kila siku nilikuwa nikitumwa dukani. Na kila Jumamosi katika chuo cha Qurani nilifundishwa kwamba aliyetumwa na Mungu ni Mtume. Basi nikaunganisha mwenyewe: mtumwa wa jumba ni mtu aliyetumwa na mfalme. Balozi. Nilimwona kabisa, bibi yake Bibi, amevaa hariri, anapewa barua yenye muhuri wa nta nyekundu. Bibi aliendelea kuhadithia, habari za maji na mitungi na moto, akipiga mapaja kwa raha kama anayesimulia ushindi, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupata nilichokitaka.

Kesho yake darasani nilinyoosha mkono. Sikuwa mtu wa kunyoosha mkono. Nilisema kwamba hata kwetu tulikuwa na jumba lililopotea, na bibi yake Bibi yangu alikuwa balozi wa sultani humo ndani. Bi Harding aliweka chaki chini. Kelly, ambaye muhula mzima alikuwa akiziba pua nikifungua kisanduku changu cha chakula, aligeuka akanitazama kana kwamba nimeingia mlangoni wakati ule. Mchana alinipisha mbele ya foleni. Rafiki yangu Folake, ambaye wazazi wake walitoka Lagos, alitangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa anajua. Kwa siku tatu nilikuwa mtu. Kisha Bi Harding akanipa barua ya kumpelekea Mama: je, Bibi angekubali kuja Ijumaa ya wiki ijayo kutuhadithia, na mimi, Rukia, nimtafsirie?

Mama aliisoma amesimama, koti bado mwilini.

"Balozi?" alisema. "Nani kakwambia balozi?"

"Bibi. Alisema alikuwa mtumwa."

Mama alitazama mlango wa jikoni, ambako Bibi alikuwa akiimba na sufuria zake, kisha akanishika mkono akanivuta chumbani kwake na kufunga mlango. Aliketi kitandani. Aliniuliza kama nilijua maana ya neno lile. Nikamweleza hesabu yangu ya kutuma na kutumwa. Hakucheka. Alinitamkia kwa Kiingereza, neno moja, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Lile nililijua. Tulikuwa tumelisoma mwaka uliopita, katika kitabu chenye picha ya meli iliyokatwa katikati, watu wamelazwa ubavu kwa ubavu. Siku ile darasa zima liligeuza macho kutazama mimi, Folake, na Marlon, mvulana ambaye babu na bibi zake walitoka Jamaika. Waligeuka tu. Nakumbuka Marlon aliinamisha kichwa akachonga penseli mpaka ikabaki kipande.

"Basi Bibi asende," nilisema.

"Ukimwambia asende atauliza sababu. Na amekwisha kusikia, si umemwambia habari ya barua? Ndiyo maana anaimba huko jikoni." Mama alijisugua uso. "Mimi niko kazini Ijumaa. Wewe ndiye utakayetafsiri, Rukia. Wao hawajui Kiswahili, na yeye hajui Kiingereza. Sema unavyoona vyema. Sema alikuwa mhudumu. Si lazima kila neno livuke."

Sijui kama alifahamu ananitwika nini. Alikuwa amechoka, na alidhani ananipa njia ya kutokea.

Siku zile saba nilitafuta njia ya kuizuia Ijumaa. Nilisali theluji ianguke, skuli ifungwe, ikaanguka mvua. Nilimwambia Bibi kwamba darasani kuna baridi kali. "Baridi ni hii hii, mjukuu wangu," alijibu, "nimekwisha kuizoea, wala hainisalimu tena." Nikamwambia wenzangu ni watundu. Akasema hajapata kuona mtoto asiye mtundu isipokuwa mgonjwa. Kila jioni alinifanyisha mazoezi: akasimulia kipande, akanitaka nikigeuze Kiingereza ili asikie kinavyolia. Nami nikigeuza, nusu kweli na nusu yangu, huku nikimchungulia usoni. Akitikisa kichwa kwa furaha. "Kizuri hicho Kiingereza chako. Kinateremka." Alivyozidi kunisifu ndivyo nilivyozidi kuumwa.

Ijumaa aliamka akanyoosha kanga yake mpya, doti ya zambarau, na kwa kuwa alikuwa akizungumza nami bila ya kunyamaza, akaisahau pasi. Upindo ukaungua. Harufu ikajaa chumba. Nilijawa na tamaa kwamba sasa basi, hatakwenda. Akaigeuza kanga, akajitanda ubavu uliosalimika, akasema, "Hapana atakayeona. Twende."

Darasani walimwekea kiti cha mwalimu. Sisi wengine tulikaa chini kwenye zulia, isipokuwa mimi, niliyesimama ubavuni mwake. Alinukia udi kidogo na kitambaa kilichoungua. Aliwatazama watoto mmoja mmoja, akawasalimu, nao wakacheka kwa kuona haya. Kisha akaanza. Alisema juu ya jumba, hamamu, masuria na vidimbwi, nami nikatafsiri bila ya tabu, sauti yangu ikitulia. Kelly alikuwa mdomo wazi. Nilianza kufikiri kwamba huenda nikavuka.

"Sasa wambie," Bibi akasema, "bibi yangu alikuwa mtumwa."

Mama alikuwa ameniambia niseme mhudumu. Lakini wenzangu walikuwa wameahidiwa balozi, na Kelly alikuwa ananitazama. Nikasema balozi. Na kwa kuwa woga haujui kukomea, nikaendelea: alikuwa akipelekwa nchi za mbali na barua za sultani, alikuwa na chumba chake mwenyewe chenye dirisha la kuelekea baharini, na alizungumza lugha saba.

Nilipomaliza, Bibi alikuwa amegeuza kichwa ananitazama.

"Mimi nimesema neno moja," alisema taratibu. "Wewe mbona umesoma utenzi?"

Niliwatabasamia wenzangu.

"Umewaambia nini, Rukia?"

"Nothing, Bibi."

"Usinijibu kwa hicho. Nijibu kwa ulimi ninaoujua. Umewaambia nini?"

Watoto hawahitaji lugha kujua mwenzao anapokamatwa. Bi Harding alisogea nusu hatua. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Bibi aje nilimsemesha Kiswahili, Kiswahili changu kibovu, mbele ya watu wote: "Mimi... nimesema yeye alikuwa balozi. Yeye hakuwa mtumwa."

Nilitarajia anipige, ingawa hakupata kunipiga hata siku moja. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyepapasa mfukoni akakuta tundu. Kisha akawageukia watoto, akajigusa kifua, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya wazi:

"My grandmother. Slave."

Neno hilo alilijua. Waliozaliwa enzi za Mwingereza walilijua. Ni mimi na Mama tuliodhani hajui kitu.

"Haya," akaniambia kwa Kiswahili. "Simama wima. Sasa nitasema, na wewe utasema nilichosema. Usipunguze, usizidishe."

Nikatafsiri. Nilikuwa nimeushika mgongo wa kiti. Alisema bibi yake alichukuliwa bara, upande wa Nyasa, akiwa mtoto asiyejua kuhesabu umri wake, akafikishwa Unguja, akaingizwa jumbani. Kazi yake ilikuwa maji. Alichukua mtungi kichwani kutwa, ili waoge watu ambao hakuruhusiwa kuwatazama machoni, katika hamamu ambayo yeye mwenyewe hakuoga hata mara moja. Siku ya moto alikuwa na umri wangu au zaidi kidogo. Moshi ulianzia juu. Wanawake walikimbia ngazini. Msimamizi akawapigia kelele vijakazi wapange mstari, maji yaletwe, na mazulia yatolewe kwanza. Naye alikuwa na mtungi kichwani, umejaa.

"Akautua," Bibi alisema. "Hakuutupa. Aliutua chini taratibu, maana haukuwa wake, hakutaka kuambiwa mwizi wala mharibifu. Kisha akapita mlango mkubwa, ambao siku zote hakuruhusiwa kuupita, akaenda zake. Jumba likaungua nyuma yake."

Niliposema hayo kwa Kiingereza sauti yangu ilikatika katikati, nikairudia sentensi. Hakuna aliyecheka. Folake alikuwa akinitazama sana. Kelly alikuwa akitazama sakafu. Marlon, ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza, alinyoosha mkono.

"Alikwenda wapi?"

Nikamtafsiria Bibi. Alifikiri.

"Mwambie lile ndilo swali. Hata mimi nilimuuliza vilevile. Alisema alikwenda mpaka miguu ikamwisha, akaketi chini ya ukuta wa watu akalia. Maana tangu aijue dunia hakuwahi kwenda mahali bila ya kutumwa. Hakujua watu huchaguaje pa kwenda."

Marlon akatikisa kichwa kama aliyepewa jibu alilolihitaji.

Njiani kurudi Bibi hakunishika mkono. Tulipita daraja la mfereji, mabata bukini wakatuzomea. Karibu na lifti akauliza tu, "Nani alikufundisha unionee haya?" Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu, maana nyumba yetu ilikuwa na watu watatu tu.

Alimngoja Mama ukumbini, kanga bado mwilini. Mama aliingia jioni, sare yake ya kazini imelowa mabegani, akatuona, akajua.

"Umemfundisha mtoto kunikana," Bibi alisema. "Mimi na aliyenizaa na aliyemzaa aliyenizaa."

"Mama, ulikuwa na haja gani ya kuwaambia Wazungu?"

"Nina haja ya kuficha? Alitoka kwa miguu yake! Katika hadithi zote za jumba lile, za masultani na wake zao, nionyeshe iliyo nzuri kuliko hiyo."

"Nzuri kwako!" Sikuwa nimepata kumsikia Mama akimpandishia Bibi sauti. Hata yeye alishtuka, akaishusha. "Kwako nzuri. Uliisimulia kila arusi, kila mgeni, kila matanga. Ukanipa na jina lake. Unajua skuli wakiniitaje? Faida ya soko. Faida mtoto wa mtumwa. Wakinipangia foleni, nibebe maji ya kila mtu. Unadhani niliacha skuli kwa sababu ya homa?"

Ndipo nilipojua kwamba Farida, jina la Mama kwenye beji ya kazini na kwenye barua zote za skuli, lilikuwa jina alilojichagulia, na kwamba Bibi alipomwita Faida hakuwa akikosea matamshi, kama nilivyodhani siku zote.

Bibi alikaa. Alikaa vibaya, ukingoni mwa kiti.

"Hukuniambia," alisema.

"Ningekwambiaje? Ulikuwa unaisimulia kwa furaha."

Mimi nilikuwa baina yao, nimesimama na mkoba mgongoni, nikimtafuta mwenye makosa, na kila nilipomshika mmoja aliniponyoka. Kisha Bibi akanyoosha mkono, akaugusa mkono wa sare ya Mama, uliolowa. "Niwie radhi, mwanangu," alisema. Mama aliuacha mkono ule pale.

Jumamosi na Jumapili zilipita tukisemezana kwa adabu kama wageni. Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama jikoni wakati ambao alipaswa kuwa amekwisha kuondoka. Alisema atanifikisha skuli. Hakuwa na desturi hiyo. Nilitembea hatua mbili nyuma yake, nikiwa na hakika kwamba anakwenda kumgombeza Bi Harding, au kunitoa skuli, na kwamba yote ni kwa ajili yangu.

Bi Harding alikuwa getini na kikombe chake cha chai. Folake na Kelly walikuwa wamesimama karibu, masikio yamewasimama.

"Bi Farida, karibu," mwalimu alisema. "Ijumaa ilikuwa—"

"Faida," Mama akamkatiza. Alikuwa ameushika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. "Jina langu ni Faida. Nimekuja kusema kwamba Rukia alitafsiri nilivyomwambia mimi. Si uongo wake, ni wangu. Yule mwanamke aliyekuwa mtumwa, mimi nimepewa jina lake."

Alizungumza Kiingereza, sauti yake ikipungua kila neno lakini hakuacha hata moja. Kule barabarani basi la Mama lilikuwa linakata kona. Aliliona, nami nikaona limemshtua. Akainama, akakifungua kifungo cha juu cha koti langu, kilichokuwa kimefungwa vizuri, akakifunga upya, kisha akalikimbilia basi.